"SP zimeisha, aje mwezi ujao": barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya ya mama Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,
Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa halmashauri zetu tano.

YAH: VIDONGE VITATU VYA SP, KINGA YA MALARIA, NA MJAMZITO WA DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkunga mstaafu, mkazi wa Temeke. Nimekaa leba miaka 31, nimepokea watoto ambao leo ni watu wazima, wananiamkia barabarani na mimi sura zao sizikumbuki. Siandiki kwa niaba ya chama wala shirika. Naandika kwa sababu mwezi uliopita nilimsindikiza mkamwana wangu kliniki, na tangu siku ile sijatulia.

Mkamwana wangu ana mimba ya kwanza, siku ile ilikuwa ya wiki 22. Tulifika zahanati saa moja asubuhi tukakuta benchi limeshajaa, akina mama wengine wametandika khanga chini ya mwarobaini. Zamu yake ilipofika alipimwa uzito na presha, akapimwa kimo cha mimba kwa tepu, akasikilizwa mapigo ya mtoto. Yote yalifanyika vizuri na kwa upole. Kisha nesi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akafungua kadi kwenye sehemu ya SP, akashika kalamu, akasita. Akachora kistari.

"Mama yangu," akaniambia kwa sauti ya chini, maana alishajua kuwa mimi ni mkunga mwenzake, "SP zimetuishia. Aje mwezi ujao, huenda zitakuwa zimeletwa."

Nikamuuliza zimeisha tangu lini. Wiki ya tatu sasa, akajibu.

Tulipotoka nje tukakaa kivulini tupumzike, na mama mmoja aliyekuwa amesikia mazungumzo yetu akafungua mkoba wake. Yeye alizipata, alisema, alikuja kabla hazijaisha. Ila siku hiyo hapakuwa na maji ya kunywa pale kliniki, akaambiwa akameze nyumbani baada ya kula. Akatoa kibahasha cha dawa. Vidonge vitatu vyeupe vilikuwa humo bado, kimoja kimeanza kumeguka pembeni, vimekaa pamoja na sarafu na pini ya mtandio. Zaidi ya mwezi vilikuwa vinazunguka naye mjini. "Nilisahau, bibi," akasema. "Halafu nikaogopa. Wanasema vinachoma tumbo, na mimi nilikuwa siumwi chochote."

Zahanati hiyo sitaitaja. Yule binti hana kosa hata chembe, na kumtaja kungekuwa kumwonea. Ninachotaka mkione ni ule mstari wa kalamu kwenye kadi na vile vidonge mkobani, kwa sababu kati ya vitu hivyo viwili ndipo malaria ya wajawazito wa jiji hili inapopita.

Waheshimiwa, nawaomba mnivumilie nieleze ninachokijua kutoka leba, maana najua hata viongozi wengi wanadhani malaria ya mjamzito ni homa ile ile ya kila mtu, tofauti ikiwa tumbo tu. Sivyo. Kimelea cha malaria yetu, falsiparamu, kinapoingia kwa mjamzito kinakwenda kujificha kwenye kondo la nyuma. Chembe nyekundu za damu zilizovamiwa zinaota kitu mfano wa kulabu, na kulabu ya aina hiyo inashika vizuri kwenye kondo. Sasa mwanamke aliyekulia Kilwa au Kibondo, aliyeumwa malaria utotoni mara ishirini, mwili wake umeshazijua aina nyingine za kulabu na umejenga kinga. Hii haijui. Hajawahi kukutana nayo kwa sababu hajawahi kuwa na kondo. Ndiyo maana mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi, na ya pili na ya tatu mwili unaanza kujitetea.

Kwa kuwa vimelea vimejificha kule, kipimo cha kidole kinaweza kusoma kuwa hakuna kitu. Mwanamke anaweza asihisi homa wala kichwa kuuma. Anatembea, anapika, anapanda daladala, anasema nimechoka tu, mimba yenyewe hii. Huku ndani damu yake inaliwa na kondo linaziba polepole, mtoto anapata chakula na hewa pungufu wiki hadi wiki.

Nakumbuka msichana mmoja wa miaka 19 tuliyempokea usiku wakati wa masika. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Wekundu wa damu ulisoma 6, na kwa mjamzito chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari kubwa. Tulimpima malaria kidoleni, hasi. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, kilo 1.8. Kipindi hicho kulikuwa na watafiti wodini kwetu waliokuwa wakichukua tone la damu kutoka kwenye kondo, na asubuhi mmoja wao alinifuata akaniambia, mkunga, kondo lile lilikuwa limejaa vimelea. Nilikuwa nimeshafanya kazi zaidi ya miaka kumi, na siku ile ndiyo niliyoelewa kwa macho yangu kile nilichokuwa nakijibu kwenye mitihani. Mtoto tulimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Aliishi. Wengine niliowafunga kifuani namna ile hawakuishi, na sihitaji kuwahesabia hapa.

Mbu nao humpenda mjamzito. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wajawazito walivutia mbu wa malaria mara mbili ya wenzao wasio na mimba. Anapumua hewa nyingi zaidi, ngozi ya tumbo lake ina joto zaidi, na mbu anafuata pumzi na joto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 pekee, katika nchi 33 za Afrika zenye maambukizi ya kati na ya juu, mimba milioni 12.7 kati ya milioni 35.4 zilipata malaria. Zaidi ya theluthi.

Mtaniuliza, hayo yanahusu nini Dar es Salaam? Malaria Dar si imepungua?

Imepungua, na nawapongeza wote waliofanya kazi hiyo, wengine niliwafahamu. Nchi nzima, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa asilimia 18 mwaka 2007/08, na utafiti wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 8. Dar ni miongoni mwa mikoa iliyo chini kabisa. Lakini hapo hapo ndipo mjamzito wa mjini anaposahauliwa. Kinga ya malaria haitunzwi kama fedha benki. Mwili usipokutana na kimelea kwa miaka, unasahau. Mwanamke aliyehamia Mbagala akiwa na miaka 12, au aliyezaliwa Magomeni na hajatoka, akifika kwenye mimba hana kinga ya kutosha, awe wa mimba ya kwanza au ya nne. Akiumwa, anaumwa kweli: degedege, sukari kushuka, kupoteza fahamu. Yule wa kijijini anaweza kutembea na vimelea kimya kimya. Wa mjini wanamlaza.

Halafu kuna safari.

Wenyewe mnaijua desturi yetu. Binti akipata mimba ya kwanza, mwezi wa saba au wa nane anapelekwa kwa mama yake akajifungulie huko, apate wa kumkanda na wa kumpikia uji. Nendeni Mbagala Rangi Tatu kwenye mabasi ya kusini, au stendi ya Magufuli pale Mbezi, muangalie matumbo yanayopanda magari. Wanatoka mkoa wenye malaria kidogo kwenda Mtwara, ambako mwaka 2022 maambukizi ya watoto yalikuwa asilimia 20, au Tabora, asilimia 23. Wanakwenda bila kinga ya mwili, na kama kadi ina vistari, wanakwenda bila kinga ya dawa pia.

Binti wa mdogo wangu alikwenda hivyo. Alikuwa amepata SP mara moja tu, miezi mingine aliambiwa hazipo. Kliniki ya huku hakuna aliyemuuliza kama atasafiri, na mimi mama yake mkubwa, mkunga, sikumuuliza. Wiki ya pili baada ya kufika alipata homa usiku. Walikuwa mbali na kituo, wakangoja kuche. Alipigwa sindano za artesunate, dawa ya malaria kali, akapona yeye. Mtoto alizaliwa mfu, wa kiume, amekamilika viungo vyote. Nimewazalisha wanawake wengi watoto waliokufa tumboni na najua maneno ya kuwaambia. Siku ile kwenye simu sikuwa nayo.

Kwa hiyo ninapoona kistari kwenye kadi ya mkamwana wangu, sioni upungufu wa dawa peke yake.

SP yenyewe ni kitu gani? Ni vidonge vitatu, vinamezwa kwa mpigo mmoja mbele ya mhudumu, kuanzia mimba inapoingia mwezi wa nne, kisha tena kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi karibu na kujifungua. Oktoba 2012 Shirika la Afya Duniani lilisema dozi zisipungue tatu kwa kila mimba, nasi tukaufuata mwongozo huo. Wapo wanaohoji, na wana haki ya kuhoji, kwamba SP ndiyo dawa iliyotuangusha kwenye kutibu malaria hadi tukahamia dawa ya mseto mwaka 2006. Ni kweli, vimelea vingi nchini vimeizoea. Hata hivyo wanawake wanaomeza dozi zote bado huzaa watoto wenye uzito bora kuliko wasiomeza, na ndiyo sababu mwongozo haujafutwa. Kutibu mgonjwa na kumkinga mjamzito ni kazi mbili tofauti. Hili halielezwi vya kutosha. Mama wa makamo akimwambia binti yake "SP ilishakufa", binti anaamini, na vidonge vinabaki mkobani.

Mwaka 2017, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria ulikuta ni kama mwanamke mmoja tu kati ya wanne aliyepata dozi tatu katika mimba yake. Tafadhali ziwekeni namba hizo karibu na nyingine: karibu kila mjamzito nchini hufika kliniki angalau mara moja. Yaani wanawake wanakuja. Wanapanda bodaboda, wanafunga genge, wanaomba ruhusa kwa tajiri, wanakaa foleni toka asubuhi. Sisi ndio tunaowarudisha nyumbani mikono mitupu.

Sasa nifike kwenye ninayowaomba.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni kwamba SP isikosekane. SP ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa katika stoo ya zahanati yoyote. Halmashauri za Dar zina mapato ya ndani ambayo halmashauri nyingine za nchi hii zinayaota tu. Siombi jengo jipya wala gari. Naomba kila mkurugenzi atenge fungu dogo, lisiloguswa kwa kazi nyingine, ili zahanati ikikaribia kuishiwa na shehena ya kawaida haijafika, mganga mfawidhi anunue siku hiyo hiyo bila kuandika barua tatu. Kwa miaka mingi tumeegemea misaada. Mwaka 2005 Marekani ilipoanzisha mpango wa rais wake wa kupambana na malaria, Tanzania ilikuwa kati ya nchi tatu za kwanza, pamoja na Uganda na Angola, na ulituokoa kwa mengi, sitausema vibaya. Lakini Januari 2025 tuliona jinsi misaada ya nje inavyoweza kusimamishwa kwa saini moja. Vidonge vitatu vya mjamzito wa Tandika haviwezi kungojea saini ya Washington.

La pili mtaliona dogo, na mimi naliona kubwa karibu sawa na la kwanza: maji na kikombe. Mwongozo unasema vidonge vimezwe mbele ya mhudumu. Kwa nini? Kwa sababu vikienda nyumbani, nusu ya safari vinapotea, kama vile vya kwenye mkoba. Lakini zahanati ngapi za jiji hili zina ndoo ya maji safi ya kunywa yenye bomba, na vikombe vilivyooshwa, palepale kwenye chumba cha kliniki? Zamani tulikuwa tunanunua maji kwa fedha zetu manesi, tunachangishana. Kuna siku nimemmezesha mama vidonge kwa soda yake ya chungwa kwa sababu hapakuwa na kingine. Andikeni kwenye orodha ya ukaguzi: ndoo, maji, vikombe. Mkaguzi akifika asiulize tu kama SP ipo kwenye leja, aulize inamezwaje. Na waambiwe akina mama, kwa bango kubwa ukutani, kwamba SP inaweza kumezwa hata kabla ya kula. Wangapi tumewarudisha kwa neno "nenda kale kwanza"?

Hapo hapo niseme na manesi wenzangu, maana najua mtaisoma barua hii kwenye simu zenu. Angalieni vidonge vya foliki asidi wanavyojinunulia akina mama madukani. Vile vya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP. Mpeni vya kliniki, vya dozi ndogo iliyochanganywa na madini ya chuma, na mumweleze sababu. Na mama mwenye VVU anayetumia septrini hapewi SP, dawa hizo ni za jamii moja. Lakini msimwache hivi hivi kana kwamba amekwisha kukingwa. Huyo ndiye wa kusisitiziwa chandarua na kupimwa kila akilalamika.

Swali la safari liingie kwenye kliniki rasmi. Kila mjamzito akifika mwezi wa sita aulizwe: utajifungulia wapi? Akisema Masasi, akisema Urambo, akisema Kakonko, basi aondoke ameshameza dozi yake, kadi imejazwa vizuri isomeke, chandarua kiko ndani ya begi, na ameambiwa kwa Kiswahili chepesi kwamba homa yoyote huko asingoje kuche. Haihitaji bajeti. Ingehitaji sentensi moja kwenye mwongozo, na ningeulizwa mimi leo mtoto wa binti wa mdogo wangu yuko wapi, labda ningewaonyesha mvulana wa darasa la kwanza.

Kuna miezi mitatu ya mwanzo, ambayo inanisumbua sana. SP hairuhusiwi wakati huo. Kinga pekee ni chandarua, na chandarua cha bure kinatolewa mama anapoanza kliniki. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha ni asilimia 24 tu ya wajawazito walioanza kliniki kabla ya mwezi wa nne. Wengine wote wanalala bila chandarua cha kliniki katika miezi ambayo mimba ni changa kabisa. Wanachelewa kwa sababu wanaona haya, au wanaogopa husuda mimba ikijulikana mapema, au baba wa mtoto anatakiwa aje naye na baba hayupo. Hili la mwisho naomba mlitazame kwa jicho la huruma. Kumtaka mwanamume aje kliniki ni jambo jema, lakini binti aliyeachwa asirudishwe getini akatafute barua ya mwenyekiti wa mtaa huku wiki zinakwenda. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoijua mitaa yao wanaweza kufanya kazi kubwa hapa, wakilipwa. Wanajua nani ameacha kununua pedi. Na akina mama wajue kwamba akiumwa malaria miezi hiyo ya mwanzo dawa ipo: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali mseto wa artemetha na lumefantrini hata kwa mimba changa. Asikae na homa akiogopa dawa itaharibu mimba. Malaria ndiyo inayoiharibu.

Chandarua chenyewe, Waheshimiwa, ningependa mmoja wenu alale nacho usiku mmoja wa Februari kwenye chumba cha kupanga cha Keko, dirisha moja, bati juu, umeme umekatika, tumbo la miezi minane. Nasema hivi kwa heshima. Ndipo mtaelewa kwa nini wanawake wanakaa uani hadi saa nne au saa tano usiku. Na watafiti walishatuonyesha kwamba mbu wa malaria wa Dar es Salaam wanauma sana nje ya nyumba, kuliko tulivyozoea kusikia vijijini. Chandarua hakimfuati mama jikoni uani. Lazima mbu wauliwe kabla hawajaruka.

Tuliwahi kufanya hivyo. Mwaka 2004 jiji lilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini, na vijana wa mitaa wakawa wanapita kiwanja kwa kiwanja kutafuta madimbwi na kuandika kila zalia la mbu. Baadaye wakaanza kunyunyiza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi bila kudhuru samaki wala binadamu. Niliwaona, na buti zao na mabomba mgongoni, mabondeni kwetu. Walitufundisha jambo ambalo hadi leo wengi hawalijui: mbu wanaotupigia kelele usiku Buguruni na Manzese wengi wao wanatoka kwenye mifereji michafu na vyoo, na hao hawaenezi malaria. Mbu wa malaria anapenda maji yaliyotulia, yenye jua, masafi kiasi: kati ya matuta ya viazi na mchicha mabondeni, mashimo ya kuchimbia mchanga, nyayo za ng'ombe baada ya mvua. Tunapuliza moshi kwenye mtaro, tunafurahi, na tuta la jirani limejaa viluwiluwi. Kiwanda cha kutengeneza dawa hiyo kilijengwa Kibaha kwa ushirikiano na Cuba na kufunguliwa mwaka 2015. Kutoka pale hadi Jangwani hazifiki kilomita 50. Kabla ya vuli na kabla ya masika, vijana wale warudi mabondeni. Na mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi usikilize watu wa mbu wakati unachonga mito, maana maji mkiyaacha yakituama pabaya mnajenga kiwanda cha aina nyingine.

Jambo la mwisho. Wekeni namba hadharani. Kila robo mwaka, kila halmashauri ibandike kwenye ubao wa zahanati na wa serikali ya mtaa: wajawazito wangapi waliandikishwa, wangapi walimeza dozi ya tatu, SP ilikosekana siku ngapi. Hatutaki namba za Tanzania nzima kwenye kitabu cha Kiingereza. Tunataka za zahanati yetu, kwa Kiswahili, ukutani, pale pale mama anapokaa foleni. Namjua mwanamke wa Dar es Salaam. Akiona siku 21 bila dawa atauliza, na diwani atapigiwa simu kabla ya mchana.

Msinijibu kwa kusema mpango upo. Najua upo, na ni mpango mzuri, baadhi ya mikutano ya kuuandaa nilihudhuria mwenyewe na chai nilikunywa. Nchi hii ilishusha vifo vya wajawazito kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Waliofanya hivyo ni watu, na wengi wao ni mabinti kama yule aliyechora kistari huku amejaa aibu usoni kwa jambo asilolisababisha. Mpeni cha kuandika badala ya kistari.

Tarehe ya mkamwana wangu kwenye kadi ni Jumanne ijayo. Nitakwenda naye. Chupa ya maji ya lita moja na nusu nimeshaiweka kwenye kikapu, na vikombe vinne vya plastiki, nimeviosha na kuvifunga kwenye kitambaa, pengine kutakuwa na wenzake watakaohitaji. Vidonge ndivyo sina.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkunga mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.